Debe la Mstari Mwekundu

Mwaka ule swali moja lilininyima usingizi. Nikimwambia Mama Ngome avunje sharti la Kamati, nitakuwa nimemwokoa Sidi, yatima aliyekuwa akimlea, au nitakuwa nimewapa wanaotaka kumchukua sababu waliyokuwa wakiitafuta? Na nikinyamaza, nikaliacha sharti lisimame, mtoto atapona, au atazidi kukonda mpaka wamchukue vile vile? Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu karibuni tu, msichana mwembamba wa sketi iliyopigwa pasi kupita kiasi, na chuo kilinifundisha kwamba kila jambo lina sababu za kulitenda na sababu za kuliacha. Hakikunifundisha mtu huacha lini kuzipima. Niliweza kusimama mlangoni pa watu nikijiuliza nipige hodi kwa sauti gani, mpaka wenyewe wakatoka wakanikuta. Kwa mtu wa namna hiyo swali kama lile si swali tena, ni ugonjwa.

Juma lililopita tulimzika Mama Ngome huko Mikindani, karibu na Changamwe, na swali lile likanirudia, ingawa jibu lake lilikuwa limesimama mbele yangu limejifunga kanga kiunoni na kushika mwiko. Sidi sasa ni mtu mzima, ana wajukuu, na msiba wote ulikuwa mikononi mwake. Yeye ndiye aliyemwogesha mama, yeye ndiye aliyegombana na wachimba kaburi, na yeye ndiye aliyekuwa akipaza sauti kutoka uani, "Ninyi wa mlangoni, jisogezeni! Kuna wageni wametoka mbali hawajatia kitu kinywani!" Ngome, ambaye nilimjua akiwa na vidonda magotini, alikuwa ameketi na wanaume, kipara kinang'aa, akamnong'oneza jirani yake, "Huyo dada yetu, hata maiti akiambiwa naye kula, atakula." Watu wakacheka kile kicheko cha matangani kinachofichwa ndani ya kikohozi. Sidi akaleta sinia la sima na kunde, akaliweka mkekani, akanidaka mkono nilipokuwa nikitafuta kiti. "Mwalimu, kwetu hukai kitini. Wewe hasa."

Wakati wa kurudi, kando ya barabara ya Nairobi, niliona watoto wamepangwa mstari juani, kila mmoja ameinua mkoba mpya wa shule mbele ya mpiga picha. Mwanamume mmoja alikuwa akiwahimiza wacheke. "Bado, bado, yule wa mwisho hajacheka." Nikageuza uso. Kijana aliyekuwa akinisindikiza aliniuliza kama ni joto. Si joto. Ni kinyaa cha tangu ujana wangu, na kina ladha yake: ladha ya mafuta ya samaki.

Kamati ya Watoto ilikuwa na ukumbi wake Changamwe, si mbali na reli, katika ghala lililokuwa zamani likiwekwa ngozi za ng'ombe. Walipaka chokaa, wakatundika mapazia ya maua, lakini ngozi haikutoka. Siku ya mvua ukuta wenyewe ulinuka kama mnyama aliyelowa. Vita vilikuwa vimekwisha mwaka uliotangulia. Kulikuwa na watoto ambao baba zao hawakurudi kutoka Burma na mama zao walichukuliwa na homa, na Kamati, badala ya kuwarundika katika jumba moja, iliwagawa katika nyumba za wafanyakazi wa reli na wa matangi ya mafuta, walelewe humo kama watoto wa nyumbani. Mpaka leo nasema wazo lilikuwa jema. Kila mtoto alipewa posho ya unga, sabuni na nguo. Na mimi nikaajiriwa kwa kazi ambayo Memsabu, mwenyekiti wa Kamati, alinieleza kwa Kiswahili chake cha jikoni: "Wewe napa hawa toto furaha. Kila Jumamosi. Furaha mingi."

Furaha yenyewe ilikuwa kabatini. Kabati la kioo lenye kufuli, na ndani yake mwanasesere wa nywele za manjano, treni ya bati, mpira wa rangi mbili na vitabu vya picha za wanyama wa Ulaya. Ufunguo ulitoka wageni walipokuja. Watoto walishikishwa vitu, wakapigwa picha, wakaimba wimbo wa kushukuru, kisha vitu vikanyofolewa mikononi mwao, vikapanguswa kwa dawa kali na kurudishwa nyuma ya kioo. Mwanasesere alipanguswa mara nyingi hata uso ukamtoka. Akabaki na nywele na nguo, na mahali pa macho pakawa peupe. Kabla ya kuimba, watoto walipita mbele ya karani wa Kamati, Bwana Zakaria, wakafunua vinywa, naye akawamiminia mafuta ya samaki. Kijiko kilikuwa kimoja. Kilitoka mdomo huu kikaingia mdomo ule, wa mwenye mafua na wa asiye na mafua, na kila baada ya muda alikipangusa kwa leso aliyoitumia kufutia jasho la shingo. Nilimwomba aniruhusu niwe nakisuuza. Akacheka. "Mwalimu, hawa wamelelewa kwa mchanga. Wewe umesoma mpaka unaogopa mate?" Nilitoka nikasimama nyuma ya ghala, nikitazama nyasi, nikingoja koo langu litulie, na huko ndani watoto wakaanza kuimba kwamba wanafurahi.

Bwana Zakaria alikuwa na kazi nyingine, na hiyo aliipenda zaidi. Alizunguka nyumba za walezi akiwa na kijiti. Unga wa kila mtoto ulikaa katika debe lake dogo, lililopigwa mstari mwekundu wa rangi, na kila mtoto alikuwa na sahani yake ya bati yenye mstari kama huo ukingoni. Hilo ndilo lilikuwa sharti: unga wa mtoto wa Kamati usiguswe na mtu mwingine, upikwe peke yake, uliwe katika sahani yake. Zakaria aliingia, akachomeka kijiti debeni mpaka chini, akakitoa na kutazama unga umefika wapi. Ukishuka upesi, mlezi anaiba. Usiposhuka, mlezi anamnyima mtoto. Kisha alikipangusa kijiti kwenye suruali na kwenda nacho nyumba ya pili. Memsabu aliniambia kwamba sharti hilo lilikuwa la kumlinda yatima, na niliamini. Nadhani hata yeye aliliamini. Hakuna hata mmoja katika ukumbi ule aliyejiuliza sharti kama hilo linaingia katika nyumba za watu wa namna gani.

Liliingia kwa Mama Ngome. Aliishi na mumewe, aliyefanya kazi kwenye matangi ya mafuta, na watoto wao wawili, Ngome na Kache, katika nyumba ya vyumba viwili na ua. Chumba cha mbele kilikuwa na kitanda cha kamba, meza yenye kitambaa kilichodariziwa na harufu ya petroli iliyomfuata mwenye nyumba kila jioni. Niliwatembelea mara ya kwanza saa ya chakula, jambo lililonifedhehesha, kwa maana nilikuwa nimepiga mahesabu yote isipokuwa hilo. Mama Ngome alinipokea kwa furaha, akanipa kiti. Kisha nikaona jinsi walivyokula. Baba, mama, Ngome na Kache walizunguka sinia moja mkekani, sima katikati, kunde na kipande cha ng'onda kando, mikono ikienda na kurudi, Kache akimpiga kiwiko kaka yake, baba akimegea kila mtoto samaki. Na Sidi, msichana wa miaka saba hivi, alikuwa ameketi dirishani, mgongo ukutani, sahani yake yenye mstari mwekundu mapajani. Sima yake ilikuwa ya manjano, ya unga wa posho. Ya wengine ilikuwa nyeupe. Alimega tonge dogo, akalifinyanga, akalirudisha sahanini. Nilimwita. "Abee," akajibu, kwa adabu iliyokamilika, na macho yake yalikuwa siniani, si kwangu.

Sisi watu wa pwani, mtu anayekulia sahani yake peke yake pembeni ni mgonjwa, au ni mgeni asiyeaminika, au ni mbwa. Nilidhani nimemkuta mlezi katili, na kwa kuwa nilijiona nimesoma nikaanza kutunga kimoyomoyo namna ya kumsema. Lakini baada ya chakula nilimwona Mama Ngome akichukua sima iliyobaki sahanini mwa Sidi, karibu yote, akaenda nayo nyuma ya ua. Huko hakuwapa kuku, na kuku walimkimbilia. Aliwafukuza kwa mguu. Alitupa shimoni, akafunika kwa majivu. Shimo lile lilinuka uchachu na nzi walikuwa wakizunguka juu yake kama moshi. Mwaka ule watu walipanga foleni kwa kibaba cha unga, na yeye alikuwa akizika sima.

"Mbona huwapi kuku?" nilimwuliza.

"Kuku ni wangu, Mwalimu. Wakila, watataga. Mayai nitawapa wanangu. Si nitakuwa nimewalisha cha yatima?"

Jirani yake, Bi Mwanaisha, aliyekuwa akiuza mahamri na mbaazi asubuhi, alikuwa ameegemea ua wa makuti akisikiliza bila kujificha. "Mwambie huyo mwalimu aelewe," akasema. "Cha yatima ni kaa la moto tumboni, kwenu Wakristo na kwetu Waislamu, hakina dini. Wallahi, mie hata kaa la kuwashia jiko siombi tena nyumba hii. Nitajuaje kama hilo kaa limepika chungu cha nani?"

"Lo, Bi Mwanaisha, hata kaa?"

"Hata moshi, mwanangu! Ukipita huku naziba pua."

Walicheka wote wawili, na mimi nikacheka, kisha nikawaona jinsi walivyokoma kucheka kwa pamoja. Mama Ngome aliketi juu ya kinu kilichopinduliwa. "Mwalimu, mimi nimezika watatu. Nimebaki na hawa wawili. Nikitia mkono katika unga wa yule, hata kwa kusahau, ni yupi kati yao atakayenilipia?" Ndipo nilipoelewa. Hakuwa akimtenga Sidi kwa kumchukia. Alikuwa na sufuria yake, mwiko wake, hata kata yake ya maji ya kupikia. Baada ya kusonga sima ya Sidi alinawa mpaka kiwiko ndipo aguse unga wa nyumbani. Kadiri alivyokuwa mwaminifu, ndivyo mtoto alivyozidi kuwa peke yake. Mlezi mwizi angemfaa Sidi zaidi. Mwizi angechanganya.

Nilijitahidi na Jumamosi zangu. Nilikataa kuwaweka watoto ghalani wakitazama kabati. Niliwapeleka kwenye karakana ya reli, ambako msimamizi mmoja mwema aliturehemu akatuacha tusimame karibu na injini. Dereva alivuta kamba, honi ikalia, watoto wakapiga mayowe na kuziba masikio na kuomba tena. Niliwaza kwamba hiyo ndiyo furaha mingi ya Memsabu, na kwamba leo, mara moja, nimeipatia bila ufunguo. Sidi hakuziba masikio. Alikuwa akimtazama dereva na mtia makaa wake, waliokuwa wamerudi kwenye kifungua kinywa chao, mikono miwili myeusi ikichovya kwenye karatasi moja ya mbaazi.

"Mwalimu, wale ni ndugu?"

"Hapana. Wanafanya kazi pamoja tu."

"Mbona karatasi ni moja?"

Nililibeba swali lake mpaka nyumbani pamoja na langu. Majuma yaliyofuata nilimwona akicheza mchezo wa kupikapika na wasichana wa mtaa nyuma ya nyumba. Alikuwa fundi. Alipanga vigae vitatu kwa duara, akatia mchanga na majani ya mnavu, akawaita, "Haya, njooni mle." Kisha alichukua kigae cha nne, kizuri kuliko vyote, akakiweka mbali, chini ya dirisha. Nilimwuliza hicho cha nani. "Cha wa kamati," akasema, kama mtu anayesema cha paka. Kache, aliyekuwa na umri kama wake na mdomo mpana kuliko umri, akaanza, na wengine wakamfuata wakipiga makofi:

"Wa kamati, wa kamati, kula chako dirishani!"

Hawakuwa na ubaya. Waliimba walichokiona. Sidi mwenyewe aliimba nao, akipiga makofi kwa wakati wake, na hilo ndilo lililonikata maini.

Kuelekea mwisho wa mwaka Kamati ilifanya Siku ya Chai. Mabibi walikuja na kofia, mabwana na fimbo, watoto wakavalishwa nguo za kuazima zenye harufu ya dawa ya nondo. Kulikuwa na biskuti zilizolegea kwa unyevu, na chai iliyomwagwa sahanini kwa watoto ili wasivunje vikombe, wakanywa wameinama. Bibi mmoja aliinua kidevu cha Sidi kwa kidole chenye glavu, akamgeuza uso huku na huku, kisha akaivua glavu na kuitia mkobani. Mimi nilikuwa nikigawa biskuti, na mtu anayegawa biskuti haonekani. Ndiyo maana walizungumza juu ya kichwa changu.

"Hii toto nakonda," Memsabu alimwambia Zakaria. "Nani nakula posho yake?"

"Unga unashuka kila juma, Memsabu, nimepima mwenyewe. Unashuka, na mtoto anashuka. Watu hawa ukiwapa yatima umewapa ng'ombe wa maziwa."

"Basi tatoa yeye. Tapeleka nyumba kubwa ya bara. Huko iko kanuni."

"Nikimpima tena Jumamosi, nikikuta ni vile vile, Jumatatu motokaa itamchukua."

Niliweka sinia la biskuti mezani. Nilieleza. Nilieleza habari ya dirisha na ya sahani, habari ya yatima na kaa la moto, ya kuku na mayai, na nilipofika kwenye kata ya maji ya kupikia nilijiona nimekwisha kumpoteza Memsabu; macho yake yalikuwa yakifuata inzi aliyetua kwenye keki. Alinipigapiga begani. "Mwalimu mzuri. Fikiri mingi sana." Zakaria akanyosha mkono akachukua biskuti, akaichovya katika chai yangu, sijui kwa nini katika yangu, akaila akinitazama. Watoto wakaimba. Mwanasesere asiye na uso alipita mikononi mwao, na Sidi alipopewa alimtazama pale palipokuwa na macho, akamrudisha kabla ya kuambiwa.

Hapo ndipo swali langu lilipokuwa kisu. Unga ukichanganywa kabla ya Jumamosi, Sidi ataketi siniani na atakula, hilo nilikuwa na hakika nalo; lakini Zakaria atafunua debe tupu, na debe tupu ni ushahidi wa wizi, na mtoto atakwenda bara, na Mama Ngome atabaki na jina la mla yatima mpaka kaburini. Unga usipochanganywa, Sidi atakuwa amekonda vile vile, na motokaa ni ile ile. Nilimwendea Mama Ngome nikamwambia yote. Alilia bila sauti, akipepeta mahindi. Mumewe alikuwa akivua viatu mlangoni. "Mie nilisema tangu siku ya kwanza," akasema, "debe hili litatuvunjia nyumba. Mtoto nilimtaka. Debe sikulitaka."

"Basi tuchanganye," nilisema, na sauti yangu ikawa kama ya kuuliza.

"Mwalimu," alisema Mama Ngome, "mkono wangu hauendi. Nimejaribu. Nafika ukingoni mwa debe, nawaona wanangu watatu."

Jumamosi nilifuatana na Zakaria, kwa kuwa kazi ilinitaka nifuatane naye. Nilikuwa bado sijaamua. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu watu matangani walinisifu kama mtu aliyekwenda na nia. Nilikwenda na sababu zangu zote, zimepangwa pande mbili, na bado zilikuwa sawa. Mama Ngome alikuwa amefagia ua. Moto ulikuwa umewashwa, sufuria mbili za maji zikichemka, kubwa na ndogo. Watoto walisimama ukutani. Bi Mwanaisha alikuwa mahali pake kwenye makuti. Zakaria akafunua debe lenye mstari mwekundu, akachomeka kijiti, akakitoa, akakiinua juu ili sote tuone.

"Umeshuka," akasema. "Haya mama, nionyeshe uliposhukia. Maana kwenye mbavu za huyu haukupita."

Alimshika Sidi mkono, akauinua kwa vidole viwili kama mtu anayeinua kuku sokoni. Mama Ngome alitangulia nyuma ya ua, akachukua jembe, akafukua majivu. Sima ya majuma mengi ilikuwa humo, ya juu bado ya manjano, ya chini kijani na nyeusi, imeota manyoya, ina funza. Uvundo ukatupiga usoni. Alisimama kando ya shimo akatuonyesha kwa mkono, kama anayeonyesha kitambulisho. Zakaria aliziba pua kwa leso ile ile.

"Unamwaga chakula?" akasema. "Mwaka huu? Chakula cha yatima? Afadhali ungekula, mama. Afadhali hata ungeiba. Jumatatu mtoto afungwe vitu vyake."

Nilitazama shimo. Nilimtazama Zakaria, na kidevuni mwake, mahali wembe ulipokosea, palikuwa na punje ya unga. Sijui kwa nini ni hiyo iliyonitosha. Kichefuchefu nilichokibeba mwaka mzima kilipanda, lakini safari hii hakikunipeleka nyuma ya ghala. Niliingia jikoni. Nililibeba debe lenye mstari mwekundu, likiwa zito kuliko nilivyodhani, nikafunua debe kubwa la nyumbani lenye unga mweupe wa Mama Ngome, nikamimina. Wote. Vumbi la manjano lilipanda likanijaa nywele. Kisha nikakunja mkono wa blauzi, nikaingiza mkono mpaka kiwiko, nikakoroga, juu chini, chini juu, mpaka hapakuwa na weupe wala manjano.

"Mwalimu!" Zakaria alikuwa mlangoni. "Umefanya nini?"

"Nimechanganya."

"Kwa amri ya nani?"

"Mkono huu unalipwa na Kamati, Bwana Zakaria. Kwa hiyo aliyechanganya ni Kamati. Mama Ngome hakugusa, na wewe umesimama hapo na kijiti chako, umeona. Ukitaka kumtoa Sidi Jumatatu, toa na unga wake. Huu hapa. Chagua."

Kutoka kwenye makuti Bi Mwanaisha akasema, "Mpe ungo, apepete," na Ngome akacheka kwa pua. Zakaria aliutazama unga muda mrefu. Aliniambia kwamba kazi yangu imekwisha, nami nikamjibu kwamba nimesikia. Hayakuwa maneno matupu, ilikwisha kweli. Lakini motokaa haikuja Jumatatu wala siku nyingine, kwa maana angelazimika kumweleza Memsabu kwamba mtu wa Kamati ndiye aliyemwaga unga wa Kamati, mbele ya karani wa Kamati, naye karani hakuwa na la kufanya. Alitoka akikipangusa kijiti kwenye suruali. Debe tupu lenye mstari aliliacha, na baadaye Baba Ngome alilitoboa matundu akapandia mrehani.

Mama Ngome alikuwa bado amesimama jikoni. Alitazama debe kubwa, akautazama mkono wangu wenye unga, kisha akaondoa sufuria ndogo motoni, akamwaga maji yake katika ile kubwa. Alisonga sima moja. Rangi yake haikuwa ya manjano wala nyeupe, ilikuwa kama mchanga wa ufuoni. Aliipakua siniani, akaweka kunde, akaketi, na hapo akasita, mkono hewani, wote wakimngoja mama aanze. Nilinawa. Niliacha kiti changu nikaketi mkekani kati yake na Sidi, nikamega tonge la kwanza nikalila, ili kama kuna kaa la moto, liingie kwangu kwanza. Lilikuwa tamu. Lilikuwa na chumvi kidogo mno, na tamu.

Sidi alinyosha mkono polepole, akamega ukingoni. Kisha tena. Mara ya tatu alifika kwenye ukoko uliokuwa umegandamana na mwiko ulioachwa siniani, na Kache akampiga kofi kiganjani.

"Ukoko ni wangu!"

"Si wako," Sidi akasema, kinywa kimejaa, na hakuachia.

"Mama, mwone Sidi!"

"Gawaneni," alisema Mama Ngome, naye akamega.